Deni la mpunga lilipogeuka kesi ya jinai

WAFANYABIASHARA wengi wa mazao huchukua mzigo kwa mkulima kwa mali kauli. Mkulima anatoa magunia, mnunuzi anaahidi kulipa akishauza mjini, na mara nyingi hakuna karatasi inayoandikwa. Biashara ya namna hiyo inaweza kwenda vizuri kwa miaka mingi mpaka siku bei inaposhuka, au mteja wa mjini anapotoweka na fedha. Mkulima akichoka kusubiri huenda kituo cha polisi, na mfanyabiashara hujikuta kizimbani akishitakiwa na Jamhuri.

Ndivyo ilivyomtokea mnunuzi mmoja wa mpunga kutoka bonde la Usangu, mkoani Mbeya, ambaye nilizoea kumfuata gulioni kuuliza bei. Alichukua magunia 60 kwa mzee mmoja, kwa makubaliano ya Sh70,000 kila gunia. Jumla yake ni Sh4.2 milioni. Aliyemuuzia mchele Dar es Salaam alimlipa nusu, kisha akazima simu. Miezi mitatu baadaye jamaa huyu alikamatwa. Shtaka lilikuwa kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, kosa lililomo katika Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka saba.

Alipofikishwa Mahakama ya Wilaya na kusomewa shtaka, hakimu alimuuliza kama ni kweli au si kweli. Akajibu: "Ni kweli mheshimiwa, magunia yake nilichukua na fedha sijamlipa."

Msomaji, hapo ndipo watu wengi waaminifu hujimaliza wenyewe. Mfanyabiashara anadhani anaulizwa kama anadaiwa, na kwa kuwa anadaiwa kweli, anaona aibu kukana. Lakini mahakama ya jinai haimuulizi kuhusu deni. Inamuuliza kama alitoa maelezo ya uongo, akijua ni ya uongo, kwa nia ya kulaghai, na kwa njia hiyo akapata mali. Kushindwa kulipa peke yake si udanganyifu. Aliyejitambulisha kwa jina la bandia, au aliyesema ametumwa na chama cha ushirika ilhali hakutumwa na mtu, huyo ana jambo la kujibu. Aliyepata hasara njiani ana deni, na deni lina mlango wake, yaani shauri la madai.

Kwa bahati nzuri utaratibu wenyewe una kinga, iwapo mshtakiwa anaujua na hakimu anaufuata. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka maneno ya anayekiri yaandikwe kwa kadiri iwezekanavyo kama alivyoyatamka. Tangu mwaka 1973, katika rufani iliyotoka Kenya, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilielekeza kwamba shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, kila kipengele cha kosa kifafanuliwe, na akishakiri, mwendesha mashtaka asome maelezo ya tukio. Mshtakiwa akipinga maelezo hayo katika jambo la msingi, inaandikwa kuwa amekana, na kesi inasikilizwa.

Basi mwendesha mashtaka alisoma kwamba mshtakiwa alichukua magunia "huku akijua hana nia ya kulipa". Jamaa akanyoosha mkono. "Hilo la nia si kweli. Nilikusudia kumlipa, nimeshindwa." Hakimu akaandika kuwa amekana shtaka.

Angekaa kimya angetiwa hatiani dakika ile ile. Na aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga hatia, ila ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu. Mahakama Kuu, katika uamuzi wa mwaka 1983, ilitaja njia chache za kutokea, mfano pale kukiri kulipokuwa na utata au kulipotokana na kutoelewa, au pale maelezo aliyoyakubali hayaoneshi kosa lolote. Lakini huo ni mlango mwembamba, na unapoutafuta huenda tayari uko gerezani, na shamba limeingia majani.

Watu wa vijiweni husema ukikiri unapata faini nafuu na kurudi sokoni mapema. Mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu hiyo siioni. Faini inaweza kuja pamoja na amri ya kulipa fidia, au isije kabisa kikaja kifungo, na jina la "tapeli" linabaki gulioni ambako mtaji mkubwa wa mtu ni kuaminiwa.

Kabla hata ya kufika mahakamani kuna maelezo ya polisi. Omba usomewe ulichoandikiwa na urekebishe kabla ya kutia saini. "Nilishindwa kulipa" ikigeuka "nilimdanganya", karatasi hiyo itakufuata mpaka mwisho. Aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Kwa kosa la aina hii anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana, kama hajapewa dhamana ya polisi, na dhamana hiyo haiuzwi.

Dhamana ya mahakama ilimtaka jamaa yetu wadhamini wawili wenye barua za serikali ya kijiji. Baada ya hapo kila tarehe lazima uonekane, hata kama kesi itaahirishwa tu. Ukikosa bila sababu hutolewa hati ya kukukamata, na mdhamini wako anaweza kudaiwa fedha aliyoiwekea saini. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, kesi za kawaida hazipaswi kufunguliwa katika mahakama za chini kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Hata hivyo nauli za kwenda na kurudi ziwekee fungu lake.

Siku ya ushahidi mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri. Mzee mwenye mpunga ni shahidi tu, wala si mwenye kesi. Ndiyo maana kumlipa pembeni hakuifuti kesi. Anayeomba kuondoa shtaka ni mwendesha mashtaka, mbele ya hakimu. Mshtakiwa anaruhusiwa kumhoji kila shahidi, na jamaa yetu, bila wakili, aliuliza maswali matatu.

"Mzee, msimu uliopita nilichukua mpunga kwako?" Alichukua. "Nilikulipa?" Ulinilipa. "Kwangu unapajua?" Napajua, tunapita wote njia moja.

Alikuwa pia na daftari lake, stakabadhi za ushuru wa halmashauri zenye jina lake halisi, na ujumbe wa simu wa malipo nusu kutoka Dar es Salaam. Hakuhitaji kuvitoa. Upande wa mashtaka ulipofunga ushahidi, hakimu aliona hana kesi ya kujibu, akamwachia. Angeonekana ana kesi ya kujibu, angekuwa na haki ya kujitetea kwa kiapo na kuita mashahidi, au kunyamaza. Na angetiwa hatiani katika mahakama hiyo, angekuwa na siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Rufaa ya kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Deni lilibaki pale pale. Wawili hao walikaa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, wakaandikiana malipo ya awamu nne baada ya mavuno. Fedha ya magunia 17 ya mwisho ililipwa msimu uliofuata. Mzee bado anamuuzia mpunga, ila sasa hafungui ghala kabla karatasi haijasainiwa.