Sungura wa Kwanza Ukambani: Mpe Kivuli, Mnyime Mahindi Yenye Ukungu

Kitu cha kwanza utakachoulizwa ukitoka sokoni Wote au Kitui mjini na sungura kwenye boksi ni hiki: "Huyo unamchinja lini?" Usikasirike. Kenya sungura wengi hufugwa kwa ajili ya nyama, na hata anayekuuzia anajua zaidi kumnenepesha kuliko kuishi naye. Shida yako inaanzia hapo. Sungura wa nyama huchinjwa akiwa na miezi minne, mitano hivi. Wako, ukimtunza, anaweza kufika miaka 8 hata 10. Kwa hivyo sikiza ushauri wa muuzaji, lakini uchuje.

Ukichagua, usikubali kitoto cha chini ya wiki 8 eti kwa sababu kinatoshea kiganjani na kitapendeza kwenye picha. Angalia macho yawe makavu, pua isiwe na kamasi, na chini ya mkia pawe safi. Chungulia masikio, ukiona magamba ya kahawia, hao ni utitiri. New Zealand mweupe na California ndio utakaokutana nao sana. Flemish Giant anavutia, ila anaweza kupita kilo 6, na wewe uko chumba kimoja kwenye ploti. Pia usiamini haraka ukiambiwa "hawa wawili wote ni madume". Jinsia ya sungura wadogo huwachanganya hata wafugaji. Mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa. Hesabu mwenyewe.

Sasa tuje kwa jua. Kama umewahi kukaa Kibwezi au Mutomo kabla ya mvua za vuli, unajua hali. Sungura hatoi jasho kama wewe. Joto lake hulipunguza hasa kupitia masikio. Likipita digrii 30, anaanza kuteseka, na chumba cha mabati mchana hupita hapo bila kuuliza mtu. Ukimwona anahema haraka, amejilaza, masikio moto na pua imelowa, mtoe hapo mara moja. Mpeleke kivulini, umpanguse masikio kwa kitambaa cha maji ya kawaida, si ya barafu, kisha utafute daktari. Lakini afadhali usifike huko. Weka kizimba chini ya mwembe, juu ya ardhi paka na mbwa wasimfikie, kisha utundike gunia lililoloweshwa upande upepo unakotokea. Kigae au bamba la jiwe la kulalia pia husaidia, na hupumzisha miguu kama sakafu ni ya waya. Maji yasikosekane. Najua mtungi huku unanunuliwa, lakini kukiwa na joto sungura wa kilo 2 anaweza kumaliza zaidi ya robo lita kwa siku.

Chakula chake kikuu ni nyasi. Si karoti, hizo ni za katuni. Meno yake hayaachi kukua, na nyasi kavu, kama boma rhodes, ndizo zinazoyasaga. Ongeza majani kidogo: kishonanguo, majani ya viazi vitamu, sukuma wiki mara mojamoja. Kabeji humjaza gesi. Ganda la embe ni peremende, kipande kidogo tu. Majani na maganda ya avokado usimpe kabisa, ni sumu kwake.

Halafu kuna mahindi. Mwaka wa 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya, wengi wao wakitoka Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu. Waulize wazazi wako, wanakumbuka. Bado utamsikia mtu akisema mahindi yaliyoharibika "wape wanyama". Sungura ni kati ya wanyama wanaodhurika upesi zaidi na sumu hiyo, inayoshambulia ini. Nyasi au mkate wenye ukungu, vilevile hapana.

Sungura huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye huliwa kwanza. Asipokula wala kutoa kinyesi kwa saa 12, usingoje kesho. Hawezi kutapika, na tumbo likisimama anaweza kufa upesi. Ile amoksilini uliyobakiza kwenye droo usithubutu kumpa. Humuua kwa kuharibu bakteria wazuri wa tumboni. Na usimbebe kwa masikio, hata kama mjomba wako hufanya hivyo. Shika kifua kwa mkono mmoja, makalio kwa mwingine.

Huduma za mifugo ziko chini ya kaunti tangu 2013, kwa hivyo anzia ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako. Madaktari wengi huku wamezoea ng'ombe na mbuzi. Piga simu kabla ya kununua, uulize nani amewahi kutibu sungura. Wakikucheka, jaribu nambari nyingine.