Si Mvivu, Wala Si Mjinga

Siku ya kutoa alama za mwisho wa mwaka, baba mmoja alingoja mpaka wazazi wengine wote wamekwisha kwenda. Kisha akaingia darasani mwangu, amemshika mwanawe mkono. Akasema: "Bwana Mwalimu, huyu amenishinda. Kila mwaka namnunulia madaftari na kalamu. Leo ana miaka 10, na hawezi kusoma mistari miwili. Nimemchapa, nimemnyima chakula, haikufaa kitu. Afadhali nimpeleke kwa mjomba wake, akachunge ng'ombe."

Mtoto alisimama kimya, macho chini. Nami nilikosa la kujibu, maana mwaka ule mzima nilikuwa nimeandika katika karatasi yake ya alama neno moja tu: "Mvivu." Lakini nilikumbuka kwamba mtoto huyo huyo ndiye aliyenieleza kwa mdomo, hatua kwa hatua, jinsi baba yake anavyotengeneza baiskeli. Je, mjinga aweza kueleza hayo? Nikamwambia: "Baba, niachie mtoto huyu mwaka mmoja tena."

Wazazi wapenzi, nataka kuwaeleza jinsi nilivyokosa, ili nanyi msikose kwa watoto wenu.

*Shida mbili katika mtoto mmoja*

Mtoto yule alikuwa na shida mbili. Ya kwanza ni upungufu wa makini: akili yake haikutulia mahali pamoja. Akitumwa kuleta maji, chumvi na kiberiti, alirudi na kiberiti tu. Darasani alijibu kabla swali halijaisha, akasimama bila ruhusa, akasahau daftari lake kila siku. Ya pili ni shida ya kusoma, ambayo madaktari huiita disleksia: alichanganya b na d, akasoma mwanzo wa neno na kubahatisha mwisho wake.

Shida hizi si jambo jipya. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu katika mambo yote, asiyeweza kujifunza kusoma. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana yule angewapita wote shuleni. Mwaka 1902 daktari George Still alieleza, huko London, habari za watoto wenye akili timamu wasioweza kutulia wala kujizuia.

Watoto wa namna hii wako katika kila taifa. Katika watoto 100, kama 5 hivi wana upungufu wa makini. Na katika hao, karibu mmoja katika kila watatu ana shida ya kusoma pia. Mara nyingi shida hizi hurithiwa katika ukoo. Basi, baba, usimlaumu mama kwamba amelea vibaya. Wala msitafute mchawi. Twajua kwamba katika nchi yetu ya Kongo watoto wenye tabia ngumu wameitwa wachawi na kufukuzwa nyumbani. Hilo ni kosa kubwa juu ya mtoto asiye na hatia.

*Jinsi ya kupambanua*

Ubaya wa shida hizi ni kwamba kila moja huificha nyingine. Zitazameni hivi.

Mtoto mwenye shida ya kusoma peke yake hutulia akisimuliwa hadithi, na ukimwuliza, hujibu vema. Mbele ya kitabu ndipo anapohangaika, kwa kuchoka kupigana na herufi. Mtoto mwenye upungufu wa makini peke yake hujua kusoma maneno. Mpe mistari mitatu mahali pa kimya, ataisoma. Mpe ukurasa mzima, ataruka mistari. Lakini mwenye zote mbili hupotea katika hadithi ndefu, tena hukwama katika neno fupi, hata asubuhi, hata penye kimya.

Msidanganyike mkimwona ametulia saa nzima juu ya kazi aipendayo. Hiyo si alama ya kwamba huko shuleni ni uvivu. Makini yake huja yenyewe kwa jambo linalomvuta. Shida yake ni kuiita.

Kwanza, lakini, mpelekeni hospitalini apimwe macho na masikio. Njaa na usingizi mchache pia huharibu makini. Hata malaria yaweza kuacha alama: uchunguzi uliofanyika Kampala na kutangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba, miaka miwili baada ya kupona malaria ya ubongo, mtoto mmoja katika kila wanne bado alikuwa na shida ya akili, na hasa ya makini. Basi mwambieni daktari magonjwa yote makali aliyopata mtoto.

*Kazi ya jamaa na ya mwalimu*

Ziko dawa zisaidiazo makini, kama metilfenidati. Daktari peke yake ndiye awezaye kuitoa na kuangalia kipimo chake. Msinunue kitu cha namna hiyo sokoni. Tena fahamuni: dawa hutuliza akili, haifundishi herufi. Na masomo ya kusoma hayaponyi upungufu wa makini. Kila shida yataka msaada wake.

Kwa makini: mpe mtoto agizo moja, naye alirudie kwa mdomo kabla ya kwenda. Mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha, amtume kufuta ubao ili apate kunyosha miguu. Msifuni papo hapo akimaliza kazi, maana sifa ya kesho haimfai.

Kwa kusoma: herufi moja kwa siku chache, kwa jicho, kwa sikio na kwa mkono pamoja. Samuel Orton na Anna Gillingham, wa Marekani, walifundisha hivyo tangu miaka ya 1930. Sisi twaweza kutumia mchanga au unga juu ya sinia: mtoto aandike kwa kidole huku akitamka sauti yake. Aanze kwa Kiswahili, kwa kuwa chasomwa kama kinavyoandikwa. Katika Kifaransa herufi tatu, eau, hutoa sauti moja tu ya o. Huo ni mzigo wa baadaye.

Fanyeni dakika 10, kisha apumzike, kisha dakika 10 tena. Kila siku, saa ile ile. Wala msimcheke mbele ya ndugu zake.

Baba yule alikubali kuniachia mtoto. Kila jioni, baada ya kufunga kazi, alimwita kati ya magurudumu na minyororo, wakaandika herufi katika vumbi la uwanja. Mtoto hakupona. Hata leo asoma polepole, na bado asahau mambo. Lakini mwaka uliofuata, siku ya kutoa alama, alichukua karatasi yake akamsomea baba yake mwenyewe, neno kwa neno, kwa kidole. Safari hii sikuandika "Mvivu." Niliandika: "Anafanya kazi sana." Na hiyo ndiyo ilikuwa kweli tangu mwanzo.