"Mume ni Kichwa cha Nyumba": Maneno Haya Yanafika Wapi?

Mabinti wa Carama, mtaa ulioko kaskazini mwa Bujumbura jirani na Kinama, hawaoni haya kulitamka neno usawa. Wamelisoma shuleni, wamelisikia redioni, na wanawaona wanawake bungeni na serikalini, ambako Katiba imewatengea angalau asilimia 30 ya nafasi. Ukiwauliza kama msichana anastahili kusoma sawa na kaka yake, au kuwa na biashara yake, hujibu upesi kuwa ndiyo. Swali likivuka kizingiti na kuingia ndani ya nyumba, jibu huanza kusitasita. Fedha aliyoichuma mke, nani mwenye neno la mwisho juu yake? Mume akimkataza kusafiri je? Akiinua mkono je? Hapo wengi, hata wale waliofika mbali kwa masomo, hurudi kwenye kauli mbili walizozikuta. Ya kwanza ni kwamba mume ni kichwa cha nyumba. Ya pili ni ya Kirundi, na mabinti huirithi kwa mama na mashangazi zao siku za kuelekea harusi: niko zubakwa, yaani ndivyo nyumba zinavyojengwa, basi vumilia.

Ndugu wasomaji, tumeamua kuziandikia kauli hizo mbili kwa sababu kazi yetu hutuonyesha zinakoishia. Mwanamke aliyelelewa kwa niko zubakwa haji kituoni mara ya kwanza anapopigwa, wala ya pili. Anapofika, jeraha limekwisha kupona, majirani walioshuhudia wamehama, hana hata karatasi moja ya zahanati, naye anaanza maelezo yake kwa kuomba radhi. Sheria ipo, lakini imeitwa imechelewa.

Fikra hii haiko Carama peke yake. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010 uliwauliza Warundi wa umri wa kuzaa kama zipo sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe: kwa mfano ameunguza chakula, amebishana naye, ametoka bila kuaga, amewaacha watoto bila uangalizi, au amemkatalia unyumba. Zaidi ya wanawake 7 kati ya 10 waliikubali angalau sababu moja. Kwa wanaume, waliokubali hawakufika nusu. Tuisome tena hesabu hiyo polepole, maana watu wengi huidhania kinyume chake. Waliokihalalisha zaidi kipigo ni wale wanaopigwa.

Hatuamini kwamba wanawake hao walikipenda kipigo. Tunaamini walikuwa wakipiga hesabu. Binti akishaolewa, inkwano, yaani mahari, imekwisha kupokelewa na pengine kutumika. Kuhusu ardhi, Burundi imeuacha urithi wa mashamba mikononi mwa mila, na mila humpa mwana wa kiume. Binti huweza kupewa kipande kiitwacho igiseke, akakilima kwa hisani ya ndugu zake bila kukimiliki. Mwanamke asiye na pa kurudi hujifunza kuyaita mateso ujenzi wa nyumba. Kwa hiyo anayetaka kuibadili fikra ya binti kwa mahubiri ya usawa pekee, huku akimwacha bila fedha, bila hati na bila mahali pa kulala, anajisumbua bure.

Turudi kwenye ile kauli ya kwanza, kwani ina ukweli ndani yake na haifai kuikana. Sheria ya watu na familia ya tarehe 28 Aprili 1993 inasema waziwazi kuwa mume ndiye mkuu wa jumuiya ya wanandoa. Wanaume wengi huikumbuka sentensi hiyo kwa ghibu. Zinazofuata hawazikumbuki. Sheria hiyo hiyo inaeleza kwamba mume huushika ukuu huo kwa manufaa ya pamoja ya nyumba na watoto, na kwamba mke hushirikiana naye katika kuiongoza nyumba kimaadili na kimali, kuitunza na kuwalea watoto. Basi ukuu unaotajwa na sheria ni dhamana, mfano wa mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa ghala la wote. Na palipo na dhamana pana kuulizwa hesabu.

Ukuu huo haumpi mtu ruhusa ya kumpiga mwenzake. Sheria ya tarehe 22 Septemba 2016, iliyotungwa mahususi kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia, inazungumzia ukatili wa mwili, wa kingono, wa kisaikolojia na wa kiuchumi, wala haimwachi nje mume kwa kuwa ni mume. Huu wa mwisho ndio mabinti wetu wasioutambua kwa urahisi, kwa sababu hauachi alama mwilini. Mchukue mwanamke anayeamka kabla ya alfajiri, akashika njia ya Gatumba kuelekea Uvira na beseni la nyanya, akarudi jioni na faida yake. Mume akaipokea mlangoni hadi senti ya mwisho, na asubuhi akampimia mtaji kama anayempa mtoto fedha ya chumvi. Au akamfungia kitambulisho na kibali cha kuvukia mpaka ili asitoke bila ruhusa. Wengi wa wanawake hao hawatasema wameonewa. Watasema, "Ananitunzia." Mke akimpa mumewe fedha zake kwa hiari, wakapanga pamoja karo na kodi, hilo si jambo la polisi hata kidogo, na laiti nyumba zote zingekuwa hivyo. Kipimo chetu ni chepesi: akikataa kuzitoa, kinatokea nini? Jibu likiwa ni kipigo, njaa au kufungiwa nje, hapo hapana tena utunzaji.

Kuna jambo jingine ambalo mabinti hulidharau, nalo ni karatasi. Burundi huitambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa serikali mwenye mamlaka hayo, mwanamume akiwa ametimiza miaka 21 na mwanamke 18, na ni ndoa ya mume mmoja na mke mmoja. Mahari iliyotolewa mbele ya wazee, misa kanisani au nikahi msikitini ni mambo ya heshima, lakini hayasimami mahali pa hati ya komuni. Mwaka 2017 Serikali iliwataka watu waishio pamoja bila ndoa waihalalishe kabla mwaka haujaisha, na wengi wakaandikishwa kwa makundi. Binti mmoja anayeuza vitambaa Carama alituambia kuwa haitaki hati hiyo kwa sababu itamfunga. Tunaielewa hofu yake, na hatukumcheka. Kipigo ni kosa kwa mwenye hati na kwa asiye nayo, hilo lisimtie wasiwasi mtu. Lakini siku ya kudai matunzo, ya kugawana mali, au mume anapofariki na shemeji wakaja kutia kufuli, asiye na hati huanza kwa kuthibitisha kuwa aliwahi kuwa mke. Huo ni mzigo mzito kwa mtu aliye matangani.

Na kiwanja je? Carama ni mtaa wa watu wanaojenga taratibu, chumba hiki mwaka huu, paa mwaka ujao. Mke hununua saruji kwa faida yake ya soko, hubeba maji ya mafundi, na hati ya kiwanja ikatoka kwa jina moja tu. Hapo hapahitajiki ugomvi. Panahitajika swali moja, liulizwe mapema, watu wakiwa bado wanacheka pamoja: jina langu litaandikwa wapi? Na risiti za saruji zihifadhiwe.

Kwa kuwa wasomaji wetu huoa na kuolewa ng'ambo zote za mipaka, yafaa wajue kwamba ndoa haisomwi kwa namna moja kila upande. Rwanda, kwa sheria yake ya mwaka 2016, iliwakabidhi mume na mke uongozi wa nyumba kwa pamoja. Kongo nayo iliirekebisha sheria yake ya familia mwaka huohuo wa 2016: imemwacha mume kuwa mkuu wa nyumba, lakini imefuta sharti la zamani lililomtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya mambo yake ya kisheria. Kwa hiyo bibi wa Uvira anayeambiwa kuwa hawezi kutia saini mkataba wa duka bila mume anaambiwa sheria iliyokwisha kufutwa. Tanzania imeandika tangu 1971, katika Sheria ya Ndoa, kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke huhesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Mwenyewe hakupata nyongeza, kwani mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe akazitumia vinginevyo. Hoja yake ndiyo iliyoshinda, na wanawake wengi waliokuja baada yake wamepita katika njia aliyoifungua.

Tunaulizwa mara nyingi kama mambo haya yasiishie kwa wazee. Bashingantahe na wakuu wa nyumba kumi wana kazi yao, na wameziokoa nyumba nyingi: mume na mke wakigombania fedha, shamba la mkwe, au mtoto apelekwe shule gani, wakae na wazee. Damu ikimwagika, mfupa ukivunjika, mtu akitishiwa kuuawa au kubakwa, hapo si suala la kusuluhishwa kwa kreti ya bia. Aendaye kituoni kwa mambo hayo, akiambiwa na mtu yeyote, hata mwenye sare, kwamba arudi wakayamalize nyumbani, ana haki ya kusisitiza maelezo yake yaandikwe, na ya kuomba kusikilizwa na afisa wa kike kama yupo.

Matibabu yatangulie. Kwa aliyebakwa, hata na mumewe, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Asioge kwanza, na nguo alizokuwa amevaa azihifadhi. Mjini Bujumbura kipo Kituo cha Seruka, kinachowahudumia watu wa aina hiyo tangu 2003. Aliyepigwa aombe karatasi ya daktari siku hiyo hiyo, hata kama bado hajaamua kushtaki, na aiweke kwa mtu anayemwamini nje ya nyumba yake. Likimpata ng'ambo ya mpaka, kwa kawaida shauri hufunguliwa pale tendo lilipotokea. Lakini karatasi ya hospitali ya Uvira aivushe pamoja na kitambulisho chake, na akifika upande huu atuonyeshe.