Je, Wajua? Kunde na Mafuta ya Mwilini Wana Lao Jambo

Je, wajua kwamba ukwaju wa juisi, karanga za kutafuna njiani na maharage ya jioni ni ndugu wa ukoo mmoja? Wote ni jamii ya kunde, yenye aina zaidi ya 19,000. Hata mgunga wa porini, na miiba yake yote, umo humo.

Je, wajua kwamba seli zako za mafuta hufa na kuzaliwa upya? Kila mwaka, takriban asilimia 10 ya seli hizo kwa mtu mzima huondoka na nyingine hushika nafasi. Watafiti wa Uswidi walilitangaza hilo mwaka 2008, na hutaamini walilijuaje: walipima kaboni iliyosambazwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ikaingia kwenye vyakula, kisha ndani ya seli za watu. Bomu likawa kalenda!

Na shika hili: mtu mzima akikonda, hesabu ya seli hizo haishuki. Zinanywea tu.

Je, wajua kwamba kuna seli za panya zinazonenepeshwa ndani ya kisahani cha maabara? Zilianzia kwa mtafiti Howard Green na wenzake, Marekani, miaka ya 1970, na hadi leo zinatumika. Mwanzoni ni nyembamba, zimejinyoosha. Zikitiwa insulini na dawa nyingine mbili tatu, baada ya siku kadhaa huviringika na kujaa vitone vya mafuta vinavyometameta. Mtafiti huvitia rangi nyekundu: wekundu ukikolea, mafuta ni mengi. Sasa ongeza jenisteini, kiini kinachopatikana kwenye soya. Wekundu unafifia! Seli nyingi zinagoma kabisa kugeuka za mafuta.

Ulidhani jenisteini iligunduliwa kwenye soya? Hapana! Ilipatikana kwanza mwaka 1899, kwenye kichaka cha Ulaya chenye maua ya manjano ambacho watu walikitumia kutia nguo rangi. Nacho, bila shaka umeshakisia, ni jamii ya kunde.

Je, wajua kwamba kuna aina ya haragwe inayoweza kuihadaa seli ya mafuta? Haragwe hilo, Canavalia, lina protini iitwayo konkanavalini A. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walieleza kwamba ukiimimina kwenye seli za mafuta za panya, zinavuta sukari ndani kana kwamba insulini imebisha hodi. Aliyeipata kwanza protini hiyo ni James Sumner, mtu aliyekatwa mkono wa kushoto akiwa na miaka 17, naye alikuwa wa mashoto! Haragwe hilohilo lilimpatia kimeng'enya alichokifanya fuwele mwaka 1926, na mwaka 1946 akatunukiwa Nobel.

Mmea unaoua kondoo unaweza kuzaa dawa? Unaweza! Galega, jamii ya kunde yenye maua ya zambarau, ina sumu iitwayo galegini. Wakemia walitengeneza ndugu yake mpole mjini Dublin mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Paris akatangaza kwamba ndugu huyo anashusha sukari ya wagonjwa. Ndiyo metformini, vidonge vya kisukari vinavyomezwa leo na mamilioni ya watu. Na galegini yenyewe? Panya waliolishwa walipungua uzito.

Wa pwani, hii yenu! Uwatu mnaowapa wazazi waliojifungua ni jamii ya kunde, na punje zake zilikutwa kaburini mwa Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyekufa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Ndani yake mna kiini kinacholihimiza kongosho kutoa insulini pale tu sukari inapokuwa juu. Uwatu una akili!

Je, wajua mafuta ya mwili hutokea wapi ukikonda? Puani na mdomoni! Kilo 10 za mafuta zikiungua, kilo 8.4 hutoka kama hewa ya kaboni unayoipumua. Zinazobaki huwa maji.

Lakini kisahani cha maabara si tumbo la mtu, kwa hiyo ukiwa na vidonge vyako vya kisukari, usiviache kwa sababu ya uwatu wala soya. Na la mwisho, usilisahau ukiwa jikoni: maharage mekundu mabichi manne au matano tu yanatosha kukutapisha. Yaloweke, mwaga maji, kisha yachemshe yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla hujapunguza moto.