Saiwa: Bonde tulivu la nzohe lililo jirani na Kitale

Bila shaka umewahi kuziona zile kalenda zinazotundikwa sebuleni zenye picha za mabonde ya Himalaya: theluji juu, mto mwembamba chini, na kijiji kimoja kilichojilaza kimya. Wengi wetu hudhani kwamba utulivu wa aina hiyo sharti ununuliwe kwa tikiti ya ndege. La hasha! Toka mjini Kitale, shika barabara ya Kapenguria, na kabla hujamaliza kilomita 30 utakuwa umefika kwenye bonde ambalo wageni wote, wenye magari na wasio nayo, hulitembelea kwa miguu.

Hiyo ndiyo Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa Swamp, iliyoanzishwa mwaka 1974 na ambayo ndiyo ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini Kenya. Ukubwa wake ni karibu kilomita 3 za mraba, yaani ekari 700 na ushei. Wako wakulima wa zamani wa Trans Nzoia waliokuwa na mashamba makubwa kuliko hiyo!

Nilikwenda huko na rafiki yangu, mkulima wa Tongaren. Kwa msomaji asiyeijua, Tongaren iko kaskazini mwa Bungoma, na ni miongoni mwa sehemu ambako wananchi walipewa ardhi baada ya mashamba ya walowezi kununuliwa na kugawanywa chini ya mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962. Huko mtu huulizwa amevuna magunia mangapi kabla hajaulizwa habari za nyumbani. Marehemu baba yake rafiki yangu alipata kipande chake kwenye mteremko, na chini kabisa pana kijibonde chenye chemchemi na matete. Mzee hakukigusa. Sasa ndugu zake wanataka wachimbe mitaro, maji yatoke, kisha wapande mikaratusi, ile ambayo sote huiita bulugamu.

"Wandayi, nguzo za stima zina soko," aliniambia tukiwa kwenye matatu. "Chemchemi hailipi karo."

Sikuwa na jibu, na sikujifanya ninalo. Ana watoto wawili katika shule ya upili.

Tulifika langoni jua likiwa bado halijachomoza, kwani nzohe hapendi jua kali. Huyu nzohe, ambaye wengi humwita sitatunga, ni swala wa kinamasi, na ndiye aliyesababisha mbuga hii itengwe. Kwato zake ni ndefu na hupanuka akikanyaga, kwa hiyo hutembea juu ya matope na majani yanayoelea bila kuzama. Lakini mwone kwenye nchi kavu! Hujikokota kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Akishtushwa hakimbilii msituni kama swala wengine, bali hujitosa majini na kubaki humo, pua tu ikiwa juu. Dume ana pembe zilizopinda, jike hana. Manyoya yake hayaloi kwa urahisi.

Njia inakwenda chini ya miti, halafu unavuka kinamasi juu ya madaraja ya mbao. Huku na huku yamejengwa majukwaa juu ya miti, nawe wapanda ngazi na kuketi. Kazi yako ni moja: kunyamaza. Wanafunzi waliozoea safari za kwenda kwenye mapango ya Mlima Elgon, ambako kila mmoja hupiga kelele ili asikie mwangwi, huenda wakaona taabu kidogo.

Juu ya jukwaa tuliona kwanza kima mwenye ndevu nyeupe ndefu na paji la rangi ya machungwa. Wazungu humwita De Brazza, lakini wenyeji wamempa jina tamu zaidi, kalasinga, kwa sababu ya ndevu hizo. Baadaye wakaja korongo wawili wenye taji, ndege aliye kwenye bendera ya Uganda. Nzohe tulimwona saa moja na nusu: jike la hudhurungi lenye mistari myeupe, limezamisha miguu majini, likila majani bila haraka. Tulilitazama kwa muda, kisha matete yakatikisika, likatoweka.

Rafiki yangu hakuwa akimtazama nzohe pekee. Alikuwa akiyatazama mahindi. Toka pale juu unayaona wazi, yameizunguka mbuga pande zote, na maji yanayolisha kinamasi hutoka katika mashamba hayo. Mkulima wa juu akichimba mtaro, au mbolea yake ikisombwa na mvua, wa chini hupata habari. Na wa chini si nzohe peke yake: maji ya Saiwa huteremka hadi mto Nzoia, ule ule unaopita karibu na Tongaren kabla ya kufika Webuye na kuendelea hadi Ziwa Victoria.

Vita hivi si vigeni. Huko Nandi, katika kinamasi cha Kingwal, nzohe huishi kwenye ardhi ya wanakijiji wenyewe, na mitaro na mikaratusi imekula sehemu ya makao yao. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe karibu na vyanzo vya maji. Amri ilisikika nchi nzima. Miti mingi ingali imesimama, nawe msomaji unaiona ukienda mashambani.

Njiani kurudi, mwenzangu alipiga hesabu nyuma ya pakiti ya sigara: nguzo ngapi, miaka mingapi, na mama yake atateka maji wapi iwapo chemchemi itakauka. Safu hiyo ya mwisho hakuijaza. Ndugu watakutana Disemba, mahindi yakishavunwa.

Ukienda, vaa viatu visivyoogopa matope na ubebe sweta, kwa maana asubuhi huko ni baridi kweli. Kama una darubini, ichukue. Fika alfajiri, au ngoja jioni, kwani mchana utaona matete tu.