Chozi Uani: Somo la Huruma kwa Watoto Wetu

Wakazi wa Tunduma tumezoea zaidi mngurumo wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia kuliko sauti za ndege. Hata hivyo, penye mgomba uliochanua au shubiri yenye maua, hakosekani mgeni mmoja mdogo, naye ni chozi.

Chozi ana mdomo mwembamba uliopinda, ambao huutumbukiza ndani ya ua kufyonza mbochi, yaani maji yake matamu. Madume wa aina nyingi hung'aa kijani, zambarau au shaba kadiri jua linavyowapiga. Majike rangi yao imefifia. Bara la Amerika wako ndege wanaofanana naye kwa chakula, lakini si wa ukoo mmoja. Wale hufyonza wakiwa wamesimama hewani. Chozi wetu aghalabu hutua kwanza juu ya kikonyo, ndipo anywe.

Huko Marekani familia nyingi huwatundikia ndege hao vichupa vya maji ya sukari: kikombe 1 cha sukari kwa vikombe 4 vya maji, bila asali wala rangi. Chozi naye huyanywa. Atakayejaribu na aoshe chupa kila baada ya siku 2, kwani maji hayo huchacha na kumdhuru ndege. Kwa mwenye kubana matumizi, kupanda shubiri pembeni mwa nyumba kunatosha, na ni bora zaidi.

Kinachotusukuma kuandika haya ni manati. Katika mitaa ya Tunduma, Vwawa na Mlowo, wapo watoto wanaomwona kila ndege kuwa ni shabaha. Chozi aghalabu hafikishi hata gramu 20. Hana nyama ya kumshibisha mtu, bali huuawa kwa mchezo tu. Jike hufuma kiota mfano wa kifuko kinachoning'inia, kwa nyasi na utando wa buibui, na mara nyingi hutaga mayai 1 au 2. Jiwe likimpata, makinda waliomo hukosa wa kuwatunza.

Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Imepokewa pia kwamba alipomwona ndege akihangaika kwa kuchukuliwa makinda wake, aliamuru arudishiwe.

Basi wazazi, kumnyang'anya mtoto manati bila kumpa badala yake hakutoshi. Tuketi naye asubuhi, kimya, hatua chache kutoka kwenye maua. Tumwambie ahesabu chozi ametembelea maua mangapi, na atazame unga wa manjano uliomganda usoni. Unga huo ndio chavua, ambayo ndege huihamisha kutoka ua hadi ua, nayo mimea ikapata mbegu. Mtoto aliyekwisha kumjua ndege kwa namna hiyo huona uzito kumrushia jiwe.