Motokari inayotetemeka: tafuta chanzo kabla ya kununua vyuma

Baba mmoja wa Bukavu alikuwa na motokari kuukuu, Toyota Corolla ya mwaka 1998. Kwa kazi ya gari hilo alilisha watoto wake na kuwalipia masomo. Siku moja gari likaanza kutetemeka kila liliposimama huku injini ikiwaka. Usukani ulitikisika kama mkono wa mgonjwa wa homa. Tena, alipoondoka, alisikia kishindo chini ya miguu: ko!

Fundi wa kwanza akamwambia anunue buji mpya. Akanunua. Wa pili akamwambia abadili shokomzoba za mbele. Akabadili. Wa tatu akalaumu sanduku la gia, akataka fedha ambazo yule baba hakuwa nazo. Basi akakusudia kuliuza gari kwa bei ya vyuma vikuukuu.

Kabla ya kuuza, akapita kwa fundi mzee. Huyu hakushika hata spana. Alifungua boneti, akasikiliza kitambo, kisha akasema:
— Mwanangu, injini yako haiumwi. Mlio wake ni sawasawa, haukatiki. Kinachougua ni kile inacholalia.
— Injini inalalia nini, mzee?
— Inalalia mipira. Njoo uone.

Wasomaji wapenzi, na sisi tuone.

Mipira inayobeba injini

Zamani injini ilifungwa kwa bolti moja kwa moja juu ya vyuma vya gari, na watu waliopanda walitikiswa pamoja nayo. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari la Plymouth ambalo injini yake ilishikwa juu ya mipira, ikawa kama inaelea. Mwaka uliofuata, Citroën wa Ufaransa naye akaichukua njia hiyo, akaitangaza kwa alama ya bata maji mweupe akielea. Tangu hapo mipira hiyo imeenea katika magari. Mafundi huiita sapoti.

Sapoti ni kipande cha mpira kilichogandishwa kati ya vyuma viwili: chuma kimoja hushika injini, cha pili hushika mwili wa gari. Nyingine zina maji mazito ndani yake. Corolla ya yule baba inazo nne: kuume, kushoto, mbele na nyuma. Kazi yake ni mbili. Kwanza, hubeba uzito na kumeza mtetemo. Pili, huizuia injini isijipindue. Kwa maana kila injini inaposukuma magurudumu upande mmoja, yenyewe hutaka kujipindua upande mwingine.

Lakini mpira huzeeka. Joto huukausha, mashimo ya barabara huuchosha, na mafuta ya injini yanayovuja juu yake huulainisha hata ukaoza. Ndiyo sababu gari lenye umri mkubwa sharti lichunguzwe mahali hapa.

Dalili zake

Gari hutetemeka sana likiwa limesimama na injini inanguruma polepole, yaani kwenye ralanti. Ukiongeza mafuta kidogo, mara nyingi mtetemo hupungua. Katika gari la gia za kujiendesha, mtetemo huzidi ukiweka gia ya kwenda huku umekanyaga breki, na hupungua ukiitoa. Kishindo husikika wakati wa kuondoka, wa kurudi nyuma, au wa kuachia mafuta ghafula.

Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa maana buji mbovu nayo hutikisa gari. Basi tumia masikio. Ikiwa mlio wa injini wenyewe unakatika na kurukaruka, tafuta ugonjwa katika injini: buji, mafuta au hewa. Ikiwa mlio ni sawasawa, lakini mwili wa gari unatetemeka, zitazame sapoti.

Namna ya kupima

Kwanza, tumia macho. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, washa tochi, utazame kila sapoti. Nyufa ndogo za juu pengine ni uzee tu. Lakini mpira uliopasuka kabisa, uliobanduka kwenye chuma, au uliovuja maji yake, umekwisha.

Pili, waiteni watu wawili. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe, breki ya mkono ivutwe. Mmoja aketi ndani, akanyage breki kwa nguvu, aweke gia ya mbele, kisha ya nyuma, akiongeza mafuta kidogo sana. Kwa gari lenye klachi, aiachie polepole mpaka injini ianze kulemewa, kisha aikanyage tena. Mwingine asimame ubavuni akitazama injini. Asisimame kamwe mbele wala nyuma ya gari. Injini kusogea kidogo ni desturi. Ikiinuka kwa wingi na kuanguka kwa kishindo, sapoti imekatika.

Tatu, fundi aweza kuweka jeki na kipande cha ubao chini ya injini, akaiinua kidogo tu. Chuma cha juu kikiachana na mpira wake, jibu limepatikana. Lakini mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Si jambo la kudharau

Pengine utasema: "Kutetemeka tu hakuui." Sikiliza basi. Desemba 1971 kampuni ya General Motors iliyaita magari yake ya Chevrolet karibu milioni 6.7, yaliyoundwa miaka ya sitini, ili yatengenezwe. Sapoti zake zilipokatika, injini iliweza kuinuka na kuvuta vyuma vya mafuta, hata gari likakimbia bila dereva kutaka. Katika magari mengine madhara huja polepole: bomba la moshi hupasuka, mipira ya maji huvutwa, nyaya hukatika, na sapoti zilizobaki hulemewa na mzigo wa ile iliyokufa.

Kwa hiyo, ukiona moja imekatika, pima zote. Usikubali kuwekewa kipande cha tairi au chuma mahali pa mpira, kwa maana mtetemo wote utahamia mwilini mwa gari na kulegeza bolti zake. Tena jihadhari na sapoti iliyotolewa katika gari lililokufa: huenda mpira wake umezeeka kama huo wako.

Yule baba alikutwa na sapoti mbili mbovu: ya nyuma ilikuwa imekatika, na ya kuume ilikuwa imelainishwa na mafuta yaliyovuja. Walizuia mafuta kwanza, kisha wakaweka mipira mipya. Usukani ukatulia, kishindo kikakoma. Gari halikuuzwa, na watoto wakaendelea na masomo.

Fedha za buji na za shokomzoba hazikurudi. Hiyo ndiyo karo aliyolipa kwa somo hili. Wewe msomaji umelipata bure. Kabla ya kufungua mfuko, fungua boneti.